Kabla Gari Halijalia Kwenye Kona

Ile sauti ya ta-ta-ta inayotoka kwenye tairi la mbele gari linapokata kona ni miongoni mwa malalamiko yanayojulikana sana gerejini, na labda kwa sababu inajulikana mno, imezoeleka kutibiwa kwa kubahatisha. Dereva anaeleza anachosikia, tairi linatikiswa mara mbili, na muda si mrefu kijana ametumwa dukani kuleta shokapu, boli jointi au tairodi. Sauti ikibaki, kinanunuliwa kingine. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba sauti hiyo inaweza kuhojiwa na dereva yeyote, bila kifaa chochote, kabla hata shilingi haijatoka mfukoni. Na ikishahojiwa vizuri, mara nyingi jibu lake ni kwamba ubovu ulianza miezi mingi nyuma, kwenye kipande cha mpira ambacho hakuna aliyekuwa akikitazama. Macho na pesa za mwenye gari vielekezwe kwenye mpira huo mapema, kuliko kusubiri chuma kianze kulia.

Magari mengi madogo ya barabara zetu, kama Vitz, IST, Passo, Corolla, Demio na Nissan Note, huvutwa na tairi za mbele. Tairi hizo hizo zinazovuta ndizo zinazopinda kushoto na kulia, na ndizo zinazopanda na kushuka kila zinapokutana na shimo. Kwa hiyo shafti inayotoa nguvu kwenye giaboksi kwenda kwenye tairi ni lazima iweze kukunjika huku inazunguka. Krosi ya kawaida, ile iliyoko kwenye propela shafti ya lori, hukunjika vizuri, lakini ina kasoro moja: ikikunjwa kwa pembe kubwa, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo mmoja, bali huharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Kwenye tairi linalogeuzwa hadi mwisho, kasoro hiyo ingemtikisa dereva usukani mikononi. Jibu lilipatikana katika miaka ya 1920, pale Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford huko Marekani, alipobuni jointi inayotumia gololi sita zinazokaa kwenye mifereji, kati ya kikombe cha nje na kitovu cha ndani, zikishikiliwa na kizimba. Umbo la mifereji hiyo huzilazimisha gololi kukaa nusu kwa nusu ya pembe, na kwa hiyo pande zote mbili zinazunguka kwa mwendo uleule. Gari la Mini lilipotoka Uingereza mwaka 1959 likiwa na jointi za aina hiyo, ilidhihirika kwamba hata gari la bei nafuu linaweza kuvutwa kwa tairi za mbele bila taabu. Hiyo ndiyo sivi jointi ya mafundi wetu. Ile ya nje, iliyo karibu na tairi, inaweza kukunjika kwa pembe ya takriban nyuzi 45. Ya ndani, iliyo upande wa giaboksi, aghalabu ina roli tatu tu, na kazi yake zaidi ni kuteleza ndani na nje tairi linapopanda na kushuka.

Kitu cha kustaajabisha katika jointi hii ni uimara wake ikiachwa katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Zipo nyingi zinazopita kilomita 200,000 bila kuguswa. Chuma chake ni kigumu, na grisi yake ni nyeusi kwa sababu ina molibdenamu, ambayo huendelea kulinda chuma hata pale gololi inapokandamizwa kwa nguvu kubwa kwenye eneo dogo. Kinachoilinda isiharibike ni mpira wenye mikunjo uliofungwa kwa klipu mbili, ule ambao gerejini huitwa buti. Mpira huo hukunjwa na kukunjuliwa kila tairi linapozunguka. Tairi la ukubwa wa 185/65 R15 humaliza mzunguko mmoja kila gari linaposogea karibu mita 2, maana yake ni mikunjuo kama 500 kwa kila kilomita. Mpira ukichakaa, hupasuka kwenye bonde la mkunjo, mahali ambapo ufa hauonekani hadi tairi ligeuzwe. Kisha shafti inayozunguka huirusha grisi nje na kuiacha kwenye ukuta wa ndani wa rimu, kwenye shokapu na kwenye bomba la breki. Nafasi ya grisi inachukuliwa na vumbi, na mvua ikinyesha, na matope. Mchanga uliochanganyika na grisi iliyobaki unasaga chuma kama msasa. Hapo ndipo sivi jointi inapoanza kufa, na gari bado liko kimya kabisa.

Ukimya huo ndio unaowapotosha wengi, na una sababu yake. Gari linapokwenda moja kwa moja, shafti na tairi vinakaribia kuwa kwenye mstari mmoja, hivyo gololi hucheza sehemu fupi sana ya mfereji. Sehemu hiyo ndiyo inayobeba mzigo siku zote, na ndiyo inayochimbika kwanza. Gololi ikiwa imetulia ndani ya kishimo chake, haipigi kelele. Ukikata kona, kila gololi inalazimika kwenda mbele na nyuma kwenye mfereji katika kila mzunguko, inatoka kishimoni, inaruka ukingo, inarudi. Kila mruko ni mlio mmoja, na ukikanyaga mafuta mlio unakuwa mkali zaidi, kwa kuwa nguvu inayoibana gololi imeongezeka. Kwa hiyo gari linalolia kwenye kona na kunyamaza barabarani halina tatizo la kwenye kona peke yake. Kona inafichua kilichochimbika wakati wa safari ndefu za barabara iliyonyooka.

Tukishaelewa hivyo, kuhoji sauti kunakuwa rahisi. Tafuta kiwanja tambarare kisicho na watu, ikiwezekana pembeni kuna ukuta wa kurudisha sauti. Zima redio, fungua vioo. Geuza usukani karibu na mwisho upande mmoja, uache kidogo ili pampu ya steringi isibanwe, kisha zungusha gari polepole kwenye duara huku ukikanyaga mafuta kwa upole. Sikiliza mambo mawili: mlio unaongezeka kasi gari linapoongeza kasi, na unapungua ukiachia mafuta? Majibu yakiwa ndiyo kwa yote mawili, sivi jointi ya nje ndiyo mshukiwa mkuu. Rudia upande wa pili. Kwa kawaida jointi iliyochakaa hulia zaidi tairi lake likiwa upande wa nje wa kona: ukikata kulia na kelele ikaja, anza kukagua ya kushoto. Kwetu tunakoendesha upande wa kushoto wa barabara, kipilefti huzungukwa kwa kukata kulia mfululizo, na ndiyo maana jointi ya kushoto iliyochoka hupenda kujitangaza pale. Kanuni ya upande si amri, kwa sababu kelele husafiri kwenye chuma na masikio hudanganyika, kwa hiyo ithibitishwe kwa macho na mikono. Gari liinuliwe kwa jeki, likalie stendi, gia iwe huru. Shika shafti karibu na tairi uitikise juu na chini, halafu izungushe nyuma na mbele huku mwenzako akizuia tairi. Jointi nzima hailegei. Ile ya ndani ikiteleza kidogo kuingia na kutoka, usiihukumu, maana ndivyo ilivyotengenezwa.

Wasumbufu wengine wanatenganishwa kwa maswali hayo hayo. Mlio mmoja tu kwa kila mzunguko wa tairi, unaosikika hata kwenye mstari ulionyooka na haubadiliki ukiachia mafuta, mara nyingi ni jiwe au msumari kwenye tairi. Sauti inayotokea gari likiwa limesimama huku unazungusha usukani tu haiwezi kuwa sivi jointi, kwa sababu hakuna nguvu inayopita kwenye shafti; hapo angalia beringi ya juu ya shokapu. Mlio wa kugonga kwenye kila shimo na kila tuta, kona au siyo kona, unaelekea kwenye stabilaiza linki, bushi au boli jointi. Muungurumo mfululizo kama wa ndege ya mbali, unaobadilika uzito unapohamia upande, ni wa beringi ya tairi. Kishindo kimoja kizito unapotoka kwenye gia ya nyuma kwenda ya mbele, au mtetemo wa gari zima ukikanyaga mafuta kwenye mstari ulionyooka, ni dalili ya jointi ya ndani, ingawa mipira ya kushikilia injini nayo huweza kuleta kishindo cha namna hiyo. Na kabla ya yote hayo, kaza nati za tairi. Nati zilizolegea hutoa mlio unaofanana sana na huu, na hilo ni kosa linaloweza kumuua mtu siku hiyo hiyo.

Swali jingine la awali linasahaulika mara nyingi ajabu: je, gari lako linavutwa na tairi za mbele kweli? Hiace nyingi za abiria husukumwa na tairi za nyuma, na vivyo hivyo Mark X isiyo ya fobai. Humo tairi za mbele hazina shafti, kwa hiyo anayekuuzia sivi jointi ya mbele anakuuzia kitu ambacho gari lako halina mahali pa kukiweka. Kuna pia wanaokimbilia kupima gari kwa kompyuta. Mashine hiyo husoma taarifa za vihisio, na hakuna kihisio kinachosikiliza gololi. Kompyuta inaweza kusema gari ni zima kabisa huku sivi jointi ikiwa imebakiza wiki chache. Lawama hapa si za kompyuta. Imeulizwa swali lisilo lake.

Sasa tuwasikilize wanaopinga. Pingamizi la kwanza ni la kila siku: gari linalia lakini linatembea, wapo walioendesha hivyo mwaka mzima, haraka ya nini? Ni kweli, sivi jointi inayolia haivunjiki kesho yake, na si haki kumtisha dereva kwamba tairi litachomoka. Ila haiponi, na inapovunjika huvunjika ikiwa imebanwa, yaani ukikata kona kwa mafuta mengi, kwa mfano unapoingia barabara kuu mbele ya lori. Ikishavunjika, nguvu yote ya difu inakimbilia upande usio na upinzani, injini inanguruma, na gari halisogei. Baya zaidi ni hili, ambalo wenye magari ya otomatiki hawaambiwi: kwenye gari la kuvutwa mbele, herufi P huzuia giaboksi, na giaboksi hulizuia gari kupitia shafti mbili. Shafti moja ikikatika, P haishiki tena. Gari lililoegeshwa mlimani kwa kutegemea P peke yake linaweza kuteremka lenyewe. Ukiwa katika hali hiyo, vuta hendibreki na uweke mawe kwenye tairi kabla hujaondoka kutafuta msaada.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi kwa sababu lina ushahidi: fundi aliongeza grisi, au alihamisha jointi ya kushoto kwenda kulia, na kelele ikaisha. Yote mawili hutokea kweli. Grisi mpya hutuliza mlio kwa muda kwa sababu inafanya mto kati ya gololi na kishimo, lakini haijazi kishimo. Kuhamisha ni ujanja wenye akili ndani yake. Gari linapokwenda mbele, gololi husukuma ukuta mmoja tu wa kila mfereji. Jointi ikihamishiwa upande wa pili, mzigo unahamia kwenye ukuta ambao haujatumika sana, na ukimya unarudi. Sioni ubaya fundi akifanya hivyo kwa mteja asiye na pesa, mradi amwambie wazi kwamba amenunua muda. Ubaya unakuja gari linapotulizwa hivyo ili liuzwe. Kwa bahati nzuri ukuta uliochakaa bado uko pale, na gia ya nyuma huubebesha mzigo. Basi unaponunua gari lililotumika, usiishie kulizungusha kwenda mbele. Geuza usukani, weka rivasi, rudi nyuma kwenye duara, kushoto na kulia. Jointi iliyohamishwa mara nyingi hulia hapo.

La tatu ndilo pingamizi gumu kuliko yote. Kubadilisha mpira peke yake kunataka shafti ishuke na jointi ifunguliwe, kazi ile ile ya kubadilisha jointi yenyewe. Kama malipo ya fundi ni yale yale, kwa nini usiutumie mpira uliopasuka mpaka jointi ife, kisha ulipe mara moja upate jointi mpya? Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama jointi mpya ya dukani ingekuwa sawa na ile uliyoiua. Mara nyingi haiko sawa. Zipo zinazolia baada ya miezi michache kwa sababu chuma chake hakikuchomwa vizuri, na huwezi kulijua hilo kwa kuitazama boksini. Kuna pia suala la vipimo. Idadi ya meno ya ndani, idadi ya meno ya nje na kipenyo cha mahali inapokaa sili ni lazima vilingane, na gari likiwa na ABS, pete ya meno iliyoko kwenye jointi nayo ilingane, vinginevyo taa ya ABS itawaka na breki hazitasaidiwa inavyotakiwa. Jina la gari halitoshi, kwani IST mbili zenye injini tofauti zinaweza kutofautiana. Shafti ya mtumba kutoka Japani ina chuma cha asili, na wengi wanaipendelea kwa sababu nzuri, lakini hakuna anayejua imetembea kiasi gani, na mipira yake ni mikongwe vilevile. Ukilazimika kuinunua, ikunje jointi ya nje pande zote kwa mikono: iwe nzito na laini, isiwe na mahali inapokwama au kucheza. Kwa hiyo jointi yako ya kwanza, ikiwa bado nzima, ni mali usiyoweza kuinunua tena kwa urahisi. Kuilipia mpira na pakiti ya grisi ni kulinda mali hiyo, hata kama malipo ya fundi ni yale yale.

Iwapo mpira umepasuka na sauti bado haijaanza, grisi iliyobaki ndiyo itakayoamua. Chukua kidogo uisugue kati ya vidole. Ikiwa laini, umewahi. Ukihisi mchanga, jointi ivuliwe, ioshwe kwa mafuta ya taa mpaka chuma kionekane, ikaushwe, kisha gololi zitolewe moja moja na mifereji ipitishwe ukucha. Mng'ao tofauti au rangi iliyofifia si tatizo. Ukucha ukinasa kwenye kishimo, usipoteze mpira mpya juu yake.

Kazi yenyewe ni ya fundi mwenye vifaa, lakini mteja anayejua hatua zake hadanganyiki. Nati kubwa ya katikati ya habu hulegezwa tairi likiwa bado chini. Kalipa ya breki ikitolewa ifungwe kwa waya kwenye springi, isiachwe kuning'inia kwa bomba lake. Shafti ikichomolewa kwenye giaboksi, oili itamwagika, hivyo irudishwe kwa kipimo na aina ile ile, na oili sili iliyochoka ibadilishwe wakati huo huo. Grisi iwe ya sivi jointi, yote iliyokuja kwenye pakiti, sehemu ndani ya jointi na sehemu ndani ya mpira. Grisi ya beringi ya kawaida haifai. Mpira ufungwe kwa klipu za chuma zilizokusudiwa, maana waya uliosokotwa kwa koleo hukata mpira na kuanza hadithi upya. Mipira ya kupasuliwa inayogundishwa bila kushusha shafti inavutia kwa wepesi wake, lakini tone moja la grisi kwenye ukingo wa gundi linatosha kuiharibu, nami naiona kuwa ya dharura tu. Mwisho, nati ya habu ni bora iwe mpya, ikazwe kwa spana ya kipimo kufuata kitabu cha gari, mara nyingi zaidi ya Nm 200, na ifungwe isijilegeze. Ikiachwa legevu, beringi itakuwa mgonjwa anayefuata.

Mazingira yetu yanaongeza sababu ya kutosubiri. Gari linalofika Mombasa au Dar es Salaam likiwa na miaka saba limekuja na mpira wa miaka saba, hata kama kilomita zake ni chache, na mpira huzeeka kwa miaka na joto pia. Kisha wengi wetu tunaliinua kwa spesa ili lisiguse matuta. Naelewa kwa nini, barabara za mitaani zinalazimisha. Lakini gari likiinuliwa, shafti hazikai tena karibu na mstari ulionyooka. Zinakunjika muda wote, mpira unakunjwa zaidi na gololi zinatembea zaidi hata kwenye lami tambarare. Ukiinua, inua kidogo iwezekanavyo, na ukague mara mbili zaidi.

Ukaguzi wenyewe ni wa dakika chache. Safari ijayo unapobadilisha oili na gari likiwa juu, kabla halijashushwa, mwombe fundi ageuze tairi hadi mwisho, kushoto na kulia, amulike tochi kwenye mipira yote minne na kuibonyeza mikunjo kwa kidole. Akiona weusi wa grisi kwenye rimu au ufa kwenye bonde la mkunjo, agiza mpira na grisi wiki hiyo hiyo.